Kura Ikimwangukia Kijana, Msituletee Mzee wa Presha

Tangu watafiti wetu wa presha na sukari waanze kubisha hodi katika mitaa ya Mvita, Kisauni na Likoni, hapa Mombasa, simu ya ofisi haipumziki. Wengine wanalalamika kuwa nyumba ya jirani imepimwa yao ikarukwa. Wengine wanauliza damu inapelekwa wapi. Na wapo wanaotukasirikia kwa kuwa mtafiti "alimkataa" mgonjwa akang'ang'ania mtu asiye na tatizo lolote. Hili la mwisho ndilo limenikalisha kuandika.

Nilifuatana na kikundi kimoja hadi nyumba fulani pale Majengo. Bi mkubwa alitukaribisha barazani, chai ya tangawizi ikaja, na kabla salamu hazijesha alikuwa kesha muita mumewe aje apimwe. Mzee anameza dawa za presha miaka mingi. Tukaorodhesha wote wanaolala pale wenye umri wa miaka 18 hadi 69, tableti ikapiga kura, na kura ikamwangukia mjukuu, dereva wa tuktuk arudiye saa nne usiku. Bi mkubwa alitutazama kama tuliopotea njia. "Huyo mzima kama chuma! Mwamtakia nini?" Ilibidi turudi mara tatu, tukamkuta Jumapili asubuhi akipiga mswaki uani.

Mwamtakia nini, basi? Tunamtaka kwa sababu hatuhesabu wagonjwa. Wagonjwa wako kliniki na faili zao zipo. Sisi tunatafuta vihatarishi, yaani mambo yanayomweka mtu karibu na ugonjwa: presha iliyopanda kimya, sukari inayosogea, kiuno kinachoongezeka, sigara, chumvi, kukaa kitako siku nzima. Kila nyumba ikitutolea mgonjwa wake, tutaandika kwamba Mombasa nzima yaumwa. Tukimpima yeyote tunayemkuta saa nne asubuhi, tutakuwa tumepima kina mama wa nyumbani na wastaafu, na kumkosa mpakiaji wa bandarini, muuza duka na huyo wa tuktuk. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, uliochagua watu kwa kura ya namna hii, ulionyesha kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha hata siku moja. Hao wasiopimwa wengi wao hawajioni wagonjwa. Presha haina hodi. Nimechoka, niseme kweli, kuambiwa "ningekuwa nayo ningeisikia kichwani".

Na nyumba iliyorukwa haikudharauliwa; kura haikuiangukia tu. Kupimwa huku si zawadi wala matibabu. Ukitaka kujua presha yako, zahanati iko wazi.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo penye fujo. Siku ya kwanza ni maswali: unakula mboga na matunda siku ngapi kwa wiki, unatembea kiasi gani, unavuta au unatafuna nini. Kisha presha. Usiwe umekunywa chai au kahawa, kuvuta sigara wala kutafuna muguka (majani ya jamii ya miraa) katika nusu saa iliyotangulia. Utakaa dakika 15 bila kuzungumza, miguu chini isipishane, mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda wa kipimo unalingana na unene wa mkono, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu ya uongo. Tunapima mara tatu, tukipumzika dakika tatu kila baada ya kipimo. Cha kwanza tunakiacha, kwa sababu mtu huwa na wasiwasi, na tunachukua wastani wa viwili vya mwisho. Ikitokea 140 juu au 90 chini, au zaidi, utapewa karatasi ya kwenda kituo cha afya ukapimwe tena. Karatasi hiyo haisemi kuwa wewe ni mgonjwa. Kiuno cha mwanamke kitapimwa na mwanamke, faraghani, buibui likiwekwa pembeni na nguo nyepesi ikibaki.

Damu ni tone la kidoleni, asubuhi, ukiwa hujala tangu usiku. Linasomwa hapo hapo mbele yako, na kijiti kinatupwa kwenye boksi la taka za hospitali. Haliuzwi. Tone moja angelinunua nani, na kwa kazi gani?

Kuhusu siri: fomu yako inabeba namba, jina linafungiwa kando. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya ni data nyeti. Taasisi ikikiuka yaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka, kwa kufuata kiasi kilicho kidogo. Adhabu ya jumla kwa makosa chini ya sheria hiyo ni faini isiyozidi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Data ikivuja kwa njia inayoweza kukudhuru, Kamishna wa Data lazima aarifiwe ndani ya saa 72. Wewe nawe waweza kukataa, au kujitoa katikati, bila kutoa sababu. Mtafiti aonyeshe kitambulisho na kibali cha utafiti chenye msimbo wa kuskani. Akikudai hata shilingi kumi, mfungie mlango utupigie.

Wengi wanatutaka tutoe hukumu: ni muguka? Ni viazi karai na achari? Ni maji ya kisima yenye chumvi? Mwaka 2024, kaunti ilipopiga marufuku muguka na mahakama kusimamisha amri hiyo, kila upande ulitaka takwimu za kuuegemea. Utafiti wa kupita mara moja, kama huu wetu, unaonyesha vitu viwili vinavyokaa pamoja. Kipi kilitangulia, hauwezi kusema. Kwa hilo lazima uwafuate watu wale wale miaka na miaka, kama walivyofuatwa watu 5,209 wa mji wa Framingham, Marekani, tangu mwaka 1948. Kwa upande wa chumvi hatuna haja ya kungoja: Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na ile ya achari, ya kachri na ya vibonge vya mchuzi imo humo.

Ramadhani hatutakuja. Saa za kula na kulala hubadilika, na majibu ya wiki hizo hayangefanana na ya mwaka mzima.

Kura ikikuangukia na hushindi nyumbani, mwachie mtafiti saa unayorudi, hata ikiwa saa nne usiku. Weka dawa zako zote mezani, pamoja na za mitishamba. Na chai ya mgeni ingoje mpaka vipimo viishe, maana mwenyeji humnywesha mgeni akanywa naye, kisha dakika 30 zinaanza kuhesabiwa upya.