Taiwan Haikuanza Mwaka 1949

Wengi wakisikia Taiwan hudhani wakazi wake wote ni Wachina waliokimbilia kisiwani mwaka 1949, kiongozi wa China Chiang Kai-shek aliposhindwa na Wakomunisti. Si kweli. Wakimbizi hao walikuta mamilioni ya watu, wengi wao wazao wa wahamiaji wa mikoa ya Fujian na Guangdong, China, waliofika karne kadhaa nyuma, na waliokuwa wametawaliwa na Japani kwa miaka 50.

Kabla ya hao wote walikuwapo wenyeji: Waamis, Waatayal, Wapaiwan na wengineo. Leo serikali inatambua makabila 16. Lugha zao ni za ukoo wa Kiaustronesia, ukoo uleule wa Kimalagasi cha jirani zetu wa Madagaska! Kwa miaka mingi walilazimika kuandikishwa kwa majina ya Kichina. Ruhusa ya kurudisha majina ya asili ilikuja 1995. Tarehe 1 Agosti 2016 Rais Tsai Ing-wen, ambaye bibi yake mzaa baba alikuwa Mpaiwan, aliwaomba radhi kwa niaba ya serikali. Mwaka uliofuata baadhi yao walipiga kambi karibu na Ikulu, Taipei, wakidai ardhi za mababu, na naona walikuwa na haki kabisa.