Si kila mbegu ya kisasa ni GMO

"Mbegu chotara ni GMO," yaani zimebadilishwa jeni kwenye maabara. Dhana hii ndiyo inayotamba kuliko zote, na imezaa nyingine nyingi, ikiwemo ile kwamba chotara ni mbegu tasa, zisizoota zikipandwa tena. Chotara hupatikana kwa kupeleka chavua ya mmea mmoja kwenye ua la mwingine wa jamii ileile, basi. Ukihifadhi punje zake na kuzipanda msimu unaofuata, zitaota vizuri tu, ila shamba litakuwa mchanganyiko: mimea mirefu na mifupi, mavuno yameshuka, kwa kuwa sifa za wazazi hugawanyika upya katika kizazi cha pili. Teknolojia ya kuzifanya mbegu zisiote kabisa ilipewa hataza (haki ya kipekee ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1998, lakini haijawahi kuingizwa sokoni. Malalamiko ya wakulima kuhusu bei na mikataba ya mbegu yana msingi. Hayo ya mbegu tasa hayana.

"Zamani mazao yalikuwa ya asili, hayajaguswa." Yameguswa sana. Mahindi yalitokana na teosinte, nyasi ya Meksiko ambayo kisuke chake kina punje chache zilizofungiwa kwenye maganda magumu; watu walianza kuibadilisha yapata miaka 9,000 iliyopita kwa kuchagua mbegu tu. Katika karne ya 20 wataalamu walianza kupiga mbegu mionzi ili jeni zibadilike ovyo, kisha wakachagua zilizofaa. Aina zaidi ya 3,000 za mimea zimesajiliwa kama zao la mabadiliko ya namna hii, na walaji wengi hawajui kabisa. Binafsi naona ajabu kwamba mionzi inayovuruga jeni nyingi kwa mpigo haiogopwi, huku kuhamisha jeni moja inayojulikana kunatia hofu.

Na wanaosema kuhamisha jeni kutoka kwa bakteria hakutokei porini, waviulize viazi vitamu. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kuwa viazi vitamu vinavyolimwa vina vipande vya vinasaba vya Agrobakteria, bakteria wa udongoni, vilivyoingia zamani bila msaada wa mtu. Maabara hutumia bakteria wa kundi hilohilo kuhamishia jeni.

"Kinachoua kiwavi kitaniua na mimi." Mahindi ya Bt, ambayo ni GMO, hutengeneza protini ya bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, ndiyo maana ya Bt. Ndani ya utumbo wa kiwavi, wenye hali ya alkali, protini hiyo huamshwa, hunasa kwenye vipokezi maalumu na kutoboa kuta za utumbo. Tumbo la binadamu lina asidi, na vipokezi hivyo hatuna. Udhaifu halisi wa Bt uko kwingine: wadudu huizoea. Ndiyo maana wakulima huelekezwa kutenga sehemu ya shamba kwa mahindi ya kawaida, ili wadudu wasio sugu waendelee kuwepo na kupandana na wale sugu, na usugu uchelewe kuenea. Pale sharti hili lilipopuuzwa, usugu ulikuja haraka.

"Kilichopita maabara kimebadilishwa jeni." Hapana. Miche ya tishu ni nakala ya mmea mama, iliyokuzwa kutoka kipande chake kidogo kwenye chupa. Mpunga wa Swarna-Sub1, unaostahimili kuzama majini kwa takriban wiki mbili, ulipatikana kwa kupandanisha aina mbili za mpunga. Maabara ilipima tu vinasaba vya miche ili kujua ipi imerithi Sub1, jeni inayoleta ustahimilivu huo, bila kusubiri mafuriko yaichague.