Brussels kwa safari ya kikazi: chunga majina na kalenda

Brussels si mji mkubwa. Ukishuka uwanja wa ndege wa Zaventem, nusu saa inatosha kukufikisha kwenye mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya. Hata hivyo wageni wa kikazi huchelewa, au hufika kwa wakati na kukuta ofisi haina mtu. Katika kupanga safari hizi nimeona makosa yakijirudia mahali pawili: majina na kalenda.

Viwanja vya ndege kwanza. Zaventem (BRU) upo pembeni mwa mji. Ule unaouzwa kwa jina la Brussels South (CRL) upo Charleroi, kama kilomita 60 kusini, na basi lake hadi stesheni ya treni ya Midi, mjini Brussels, huchukua karibu saa nzima. Ukija na ndege ya bei nafuu kutoka nchi nyingine ya Ulaya ili uunganishe na ile ya Entebbe au Kigali, soma hizo herufi tatu kabla ya kulipa. Saa tatu kati ya ndege mbili zinatosha uwanja ukiwa mmoja. Kutoka Charleroi hadi Zaventem ni kamari.

Treni ya Zaventem inapandiwa chini ya jengo la abiria. Kata tiketi kwenye mashine kabla ya kupanda, kwa kuwa ndani ya treni kuna nyongeza. Siku ya kurudi ndipo watu hunaswa: orodha ya mashine ina "Brussels Airport-Zaventem" na pia "Zaventem" peke yake. Hii ya pili ni stesheni ya mji jirani. Bei yake ni ndogo kwa sababu haina tozo ya uwanja wa ndege, na mageti ya uwanjani hayafunguki kwa tiketi hiyo. Tiketi yenyewe usiitupe, maana geti huisoma unapotoka.

Kisha lugha. Kila kitu mjini kina jina la Kifaransa na la Kiholanzi: Arts-Loi ndiyo Kunst-Wet, Bruxelles-Midi ndiyo Brussel-Zuid. (Aliyesoma Kifaransa Bujumbura au Bukavu anaijua midi kuwa saa sita mchana, hapa ni kusini.) Ukitoka nje ya mji, mbao hubaki na lugha moja, ile ya eneo hilo. Ukiwa Leuven, kwenye eneo la Kiholanzi, treni ya Liège imeandikwa Luik. Mons inakuwa Bergen, Lille inakuwa Rijsel. Andika majina yote mawili kwenye ratiba yako. Na mwenyeji akiwa Mflamandi, yaani Mbelgiji anayezungumza Kiholanzi, anza kwa Kiingereza. Kifaransa chako kizuri hakitakuongezea alama kwake.

Kwenye metro, tramu na mabasi ya mjini unagusa kadi ya benki kwenye mashine. Kadi moja ni ya mtu mmoja, na ukibadilisha gari unagusa tena ileile. Kwa Tume ya Ulaya shuka Schuman, metro namba 1 au 5. Zipo pia treni za moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege hadi Schuman, na wengi hawazijui; huenda katikati ya mji kisha wakarudi nyuma.

Kalenda ndiyo inayouma zaidi. Bunge la Ulaya huhamia Strasbourg kwa vikao 12 kwa mwaka, kila kimoja siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Wiki hiyo wabunge na wasaidizi wao hawapo Brussels, hata kama barua pepe zinajibiwa. Kalenda ya vikao iko kwenye tovuti ya Bunge. Ifungue kabla ya kukata tiketi. Viongozi wa nchi wanapokutana, eneo la Schuman hufungwa na metro inaweza kupita bila kusimama: shuka Maelbeek au Merode, utembee ukiwa na pasipoti halisi mkononi, kwani nakala haikuingizi kwenye majengo hayo. Tarehe 9 Mei taasisi za Umoja hupumzika, tarehe 21 Julai ni sikukuu ya Ubelgiji, na kuanzia hapo hadi katikati ya Agosti usipange mkutano wa maana. Hoteli za mtaa wa Schuman hupanda bei katikati ya wiki na kushuka Ijumaa, kinyume cha miji ya watalii.

Migomo hutangazwa mapema. Mgomo wa kitaifa mara nyingi huwakumba wakaguzi wa usalama uwanjani, na ndege zinazoondoka zikafutwa. Tarehe ikigongana na ya kurudi kwako, sogeza siku; usingoje huruma ya shirika la ndege.

Kuhusu viza ya Schengen: iombe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku mbili Brussels na tatu Amsterdam ni maombi ya Uholanzi. Bima iwe ya angalau euro 30,000. Kwenye stika kuna tarehe za uhalali na, kando yake, idadi ya siku. Idadi ndiyo inayokubana, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Ukifikia kwa ndugu badala ya hoteli, ripoti kwenye manispaa ya mtaa wake ndani ya siku tatu za kazi.

Plagi yako ya Kenya, Uganda au Tanzania, yenye meno matatu bapa, haiingii huko. Soketi ya Ubelgiji ni ya duara na ina pini ya chuma inayochomoza, kwa hiyo adapta ya mviringo iliyotengenezwa kwa Ujerumani pekee, isiyo na tundu la pini hiyo, itagoma.