Kihema hakifungi harufu yako

Juzi kijana mwingine amenipigia simu kutoka Madison. "Kaka, nimenunua kihema cha mawindo, nimekipulizia dawa ya harufu, sasa upepo haunihusu tena." Ni wa nne, na msimu wa kuwinda kwa upinde hapa Wisconsin, Marekani, umeanza katikati ya Septemba tu. Wote wanne wamerudi mikono mitupu na wote wanawalaumu kulungu.

Kihema ni turubai na madirisha. Kinamzuia kulungu kuona mkono wako ukivuta upinde, na kwa hilo nakipenda sana. Lakini humo ndani unapumua kwa saa tatu nzima, na bakteria wa ngozini hawaachi kula jasho na ngozi iliyokufa eti kwa sababu umeoga asubuhi. Hewa hiyo lazima itoke, na itapita dirishani, kwenye mishono na chini kwenye pindo.

Sabuni isiyo na manukato, buti za mpira, nguo za kuwindia zikae kwenye sanduku lake, kihema kipya kianikwe nje siku kadhaa kabla ya kukitumia: fanyeni yote. Yanapunguza, hayafuti. Mwaka 2002 mtafiti John Shivik alichapisha majaribio ya suti za kaboni, zile zinazouzwa kwa kunyonya harufu, kwa kutumia mbwa wa kutafuta watu; mbwa waliwapata waliozivaa karibu wote. Mimi yangu nimeiacha kabatini.

Sasa upepo, na hapa naomba mnisikilize. Simu inakuambia upepo unatoka magharibi. Kipimo hicho huchukuliwa kwa kawaida mita 10 juu ya ardhi, mahali palipo wazi. Wewe umekaa chini, bondeni, katikati ya miti. Jua likianza kushuka, ardhi inapoa na hewa inayoigusa inapoa nayo, inakuwa nzito, inateremka mlimani kama maji na kufuata kijito. Asubuhi jua likishapiga mteremko, hewa hiyohiyo inapanda. Kwa hiyo mahali pazuri pa asubuhi panaweza kuwa pabaya kabisa jioni, na simu isikuambie lolote.

Wafuatiliaji nyayo wa kule Tanzania hutikisa kifuko cha majivu kabla ya kumsogelea nyati. Mimi hutumia nyuzi za tunda la mmea uitwao milkweed; zinafanana na sufi yetu, nami naziita sufi. Majivu yanakuonyesha hewa ya hapo uliposimama. Sufi inakuonyesha inakokwenda. Oktoba iliyopita, saa kumi na moja jioni, niliachia uzi mmoja dirishani. Ulielea mashariki kama utabiri ulivyosema, hatua kumi, ishirini. Ulipofika kwenye mwaloni ulioanguka ukasita, ukashuka, ukageuka kusini, ukaanza kutambaa juu ya majani makavu moja kwa moja hadi kwenye kijito, njia ileile wanayopita kulungu. Nilikunja kihema jioni ile ile.

Waliokulia pwani wanaijua tofauti ya joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakoelekea. Dume aliyekomaa anaijua kuliko nahodha: mara nyingi huzunguka kwanza demani ya mahali anapotaka kwenda, ananusa, ndipo aingie. Chagueni mahali ambapo mzunguko huo unamgonganisha na maji, au uwanda asioupenda.

Kuna mambo bado yananisumbua. Nafunga madirisha ya joshini ili hewa isipite kwa nguvu, na inasaidia, ila huenda kinachosaidia ni giza la ndani tu. Tena jike mmoja aliwahi kusimama demani yangu, hatua ishirini, akitafuna matunda ya mwaloni bila kuinua kichwa. Nadhani harufu ilipita juu yake. Siwezi kuapa.

Wewe wa Madison, Jumamosi acha upinde nyumbani. Nenda na sufi tu, keti mpaka giza liingie, ukiachia uzi mmoja kila dakika kumi. Kisha nipigie uniambie zimeelekea wapi.