Mwandishi Hakukata Pale

“Tamthilia tamu, ila mwandishi hajui kumalizia.”

Kauli hii nimeisikia saluni Mwanjelwa, nimeisikia kwenye daladala ya Uyole, na sasa nimeisikia ukumbini nikiwa na kamera begani. Mama mmoja wa kamati ya sendofu aliacha kuhesabu sahani akanifuata kunishtakia kwamba Sultan ya jana yake imeishia mtu kasimama mlangoni, haingii wala hatoki. “Wewe mwanangu si ndiye unachambuaga haya mambo? Hebu waambie wajirekebishe.”

Shikamoo mama. Leo nakujibu kwa kirefu, maana pale ukumbini MC alikuwa ananipungia mkono niwahi kwenye keki.

Kwa riziki nahariri video: harusi, sendofu, kipaimara, mara mojamoja tangazo la duka la pembejeo. Ikifika usiku nachambua tamthilia, na ninayoipenda kuliko zote ni hiyohiyo ya Sultan Suleiman, mfalme wa dola ya Osmani, ambayo Waturuki wenyewe wanaiita Muhteşem Yüzyıl. Mtu wa kazi yangu huitazama tamthilia vibaya. Wenzake wanamfuata stelingi, yeye anafuata mkato, pale picha inapokatwa. Kwa hiyo hili la nani kakata wapi, mniachie mimi.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa Uturuki Januari 2011 ikamalizika Juni 2014, misimu 4, sehemu 139. Sehemu kwa kipimo cha kwao, na hapo ndipo ugomvi wote unapozaliwa. Sehemu moja ya tamthilia ya Kituruki si dakika 45. Ni jioni nzima. Inaonyeshwa mara moja kwa wiki, inakwenda saa moja na nusu, saa mbili, nyingine zinapita hata hapo. Televisheni ya nje inayotaka kitu cha kuonyesha kila siku baada ya taarifa ya habari haiwezi kubeba mzigo huo. Basi toleo la kuuzwa nje linakatwakatwa vipande vya dakika 45 hivi, na sehemu moja ya Istanbul inazaa mbili au tatu. Mwandishi hayupo kwenye chumba hicho. Mwongozaji hayupo. Yupo mhariri kama mimi, ana saa ukutani, anatafuta pa kupitisha kisu.

Watu wa Mbeya hatupaswi kuelezwa hili mara mbili. Mkulima wa Uporoto kafunga lumbesa yake ya viazi, imefika sokoni, mchuuzi kaifungua anapima kwa sado. Ukikuta sado lako limejaa viazi vya kuokoteza, utamtukana mkulima?

Ndiyo maana siku hizi sitaji namba ya sehemu ninapochambua. Nilishuhudia kaka wawili wanakaribia kushikana mashati, mmoja anasema tukio fulani liko sehemu ya 20 na kitu, mwingine anaapa ni ya 50 na kitu. Wote wawili walikuwa sahihi. Mmoja alitazama la Kituruki kwenye intaneti, mwenzake la kwetu lenye sauti za Kiswahili. Mimi nataja tukio: nani yuko chumbani, kuna barua gani, nani kasikia kupitia ukuta. Tukio haliongopi, kwa sababu limeandikwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Namba imewekwa na mfanyabiashara.

Sasa tuingie kwenye kinachoniwasha. Mkato wa mwandishi na mkato wa msambazaji vinatambulika kwa macho, na mtu akishaonyeshwa hasahau. Sehemu ya kweli ikikaribia mwisho, nyuzi zinaanza kukusanywa. Ulikuwa na habari tatu zinakwenda sambamba: harimuni kuna sumu, barazani kuna vita, na mahali fulani mtoto wa mfalme anapokea barua. Ghafla zinaanza kupokezana kwa kasi, kipande kifupi hapa, kipande kifupi kule. Muziki unaanza chini, haukatiki mnapohamishwa chumba. Na uso wa mwisho mnaoachiwa ni wa mtu aliyegundua jambo sasa hivi, wala si wa mtu anayesubiri kugundua. Huo ni mkato ulioandikwa.

Mkato wa msambazaji hauna nyuzi. Ni habari moja, mara nyingi katikati ya mazungumzo. Muziki ulikuwa njiani kwenda mahali, unafifishwa haraka, na ukiwa na masikio ya kazi unasikia kabisa kwamba kuna mtu kashusha sauti kwa mkono. Kesho yake mnaanza palepale. Ukitaka ushahidi usiobishika, usimtazame Hürrem, mke wa Suleiman, tazama mshumaa ulio nyuma yake. Ukiukuta una urefu uleule, nta imeganda vilevile kama ilivyokuwa jana, basi mwandishi hakuwahi kukusudia ulale kati ya picha hizo mbili. Zilipigwa zifuatane kwa nusu sekunde. Wewe ndiye uliyewekewa usiku mzima katikati.

Mama, mtu wako wa mlangoni ni wa namna hiyo. Katika toleo la kwao anafungua mlango, anaingia, anasema alichokuja kusema. Hakuna fumbo.

“Sasa kwa nini wasitengeneze fupi tangu mwanzo?” Swali zuri, na jibu lake ni pesa. Sheria ya utangazaji ya Uturuki inaweka ukomo wa matangazo ya biashara, asilimia 20 ya saa, kwa hiyo anayetaka matangazo mengi anahitaji saa nyingi. Ukiwa na tamthilia moja inayopendwa, inakulipa kuirefusha ishike jioni yote kuliko kuibahatisha jioni hiyo kwa vipindi vitatu visivyojulikana. Wanaoumia ni wa nyuma ya kamera. Hebu fikiria: kila wiki watu wale wanatoa kitu chenye urefu wa filamu ya sinema, farasi, mavazi, taa, vita na vilio, na wiki inayofuata wanaanza upya. Mwaka 2010, kabla hata ya hii yetu kuanza, wasanii na mafundi wa tamthilia waliandamana Istanbul kuulalamikia urefu huo. Mimi sendofu ya saa tano huwa nahariri kwa wiki mbili na bado bibi harusi ananipigia simu kulalamika.

Kutoka hapo ndipo kunakuja kule kutazamana. Mnajua ninachosema. Suleiman anamtazama Ibrahim, waziri wake mkuu, Ibrahim anamtazama Suleiman, zeze linalia, Suleiman tena, karibu zaidi, mtu unaweza kwenda kugeuza ugali ukarudi bado wanatazamana. Watu husema wanavuta. Wanavuta, ndiyo, sikatai. Saa mbili hazijazwi na maneno peke yake. Lakini ndani ya huko kuvuta waongozaji wale, ndugu wawili wa Taylan, walijifunza kufanya kitu ambacho filamu zetu bado zinakikimbia: kumwacha mwigizaji afikiri mbele ya kamera. Okan Yalabık akiwa Ibrahim anaweza kupanda kutoka furaha hadi woga bila kutikisa nyusi. Ukimkata mapema unapata mtu aliyevaa kilemba. Kwa hiyo nisipopenda mtazamo fulani, najiuliza kwanza: uso huu unafanya kazi au unasubiri tangazo? Mingine inasubiri tangazo. Mingi tu.

Hapa naingiwa na shaka, afadhali niiseme. Nilipoitazama ile ya mlangoni mara ya pili, toleo letu, niliipenda. Kumwacha mtu pale usiku kucha, mkono uko kwenye kitasa, kulimpa uzito ambao toleo la asili halikumpa. Mhariri asiyejulikana, mwenye saa ukutani, huenda kwa bahati tu, alikata vizuri kuliko wenye tamthilia. Je, nimsifu nani? Na zaidi ya hapo: hii tamthilia ninayoipenda ni ile ya Istanbul, au ni hii iliyokatwa upya na kutiwa Kiswahili, niliyoitazama Julai na blanketi magotini? Vitabu vya uhariri vinaongea kana kwamba kazi ni moja. Kwangu hazifanani, na siku nyingine nachagua ile isiyo ya asili.

Sauti nitapita haraka. Ukiona kwamba mtu akianza kusema, chumba kinakufa, nyayo hazisikiki, moto wa mekoni umezimika, hiyo ni kazi ya studio ya kuingiza sauti. Mwigizaji hana kosa. Ila kuna jambo moja ambalo limewafanya wengi wamhukumu Hürrem bila haki. Meryem Uzerli alikulia Ujerumani, na Kituruki chake kilikuwa na lafudhi ya kigeni. Kwa msichana aliyetekwa kaskazini akaletwa utumwani, lafudhi hiyo ilikuwa dhahabu: kila akifungua mdomo, ikulu nzima ilisikia kwamba si wa pale. Kwetu anashuka chombo na Kiswahili kimenyooka kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Halafu mtu ananiambia, “Yule binti kaingia na kiburi toka siku ya kwanza.” Hapana. Umemsikia dada mwingine kabisa.

Mwaka 2013 Uzerli akaondoka, akarudi Ujerumani akisema amechoka kupita kiasi, na msimu wa 4 Hürrem akawa Vahide Perçin. Hapo wachambuzi walitiririka: oh, uso mpya ni ishara ya roho iliyogeuka jiwe, oh, mwandishi alikuwa anatuandaa. Jamani. Mtu kaacha kazi. Kipaji cha waliobaki ni kwamba waliruka miaka na kuligeuza pengo kuwa umri, na Perçin akaleta ubaridi uliofaa kwa mama anayewapanga wanawe kwenye foleni ya kiti cha enzi. Hilo lisifuni, lakini msiseme lilipangwa.

Kuna lingine ambalo siliongelei kwa kujiamini. Meral Okay, aliyeibuni na kuiandika, alifariki Aprili 2012, msimu wa 2 haujaisha. Yılmaz Şahin ndiye akaendelea. Kila mtu anasema anahisi tofauti. Hata mimi nahisi: za mwanzo zina wanawake wanaochekeshana, za baadaye zina wanaume wanaonong'onezana. Lakini ningepewa matukio kumi bila majina wala misimu, niyapange yapi ya nani, sidhani ningepata zaidi ya mtu anayebahatisha. Tukishajua kwamba mtu amekufa, masikio yetu yanaanza kumsikia na kumkosa mahali popote. Uchambuzi mwingi unafanywa na masikio ya namna hiyo, na wangu umo.

Historia pia nipite haraka, maana nikikaa hapa hatuondoki. Mnaonikasirikia kwamba “nimewahadithia” kifo cha Ibrahim Pasha: amekufa mwaka 1536. Mustafa, mtoto wa Suleiman, kanyongwa 1553, karibu na Konya, baba yake akiwapo kambini. Mimi sikuvujisha kitu. Tamthilia nayo haikutegemea msijue. Tukio la Mustafa lilipoonyeshwa Uturuki Februari 2014, watu walikwenda Bursa kwenye kaburi lake kumlilia, na walikuwa wamesoma habari zake shuleni. Ila msibebe kila kitu mkakipeleka darasani. Ile ndoa ya Ibrahim na Hatice, dada yake Suleiman, iliyowatoa machozi, wanahistoria wa sasa wana shaka kubwa kama iliwahi kufungwa.

Baada ya kumtetea mwandishi kiasi hiki, msidhani nampenda kwa kila kitu. Yako makosa ambayo hayana msambazaji, hayana tangazo la sabuni, hayana mwigizaji aliyechoka. Isabella, yule binti wa kifalme aliyetekwa baharini akaletwa kwa Suleiman: habari nzima ya kubuni, na ukiichomoa yote hadithi ya Hürrem haipungukiwi hata kifungo. Na Firuze wa msimu wa 3. Kila Hürrem akimaliza mpinzani mmoja anashushwa mwingine mrembo kuliko aliyepita, ana siri nzito kuliko aliyepita, na Suleiman yuleyule aliyeteka Belgrade anadanganyika kwa ushairi uleule. Cansu Dere aliigiza vizuri sana, nalo linaniudhi zaidi, kwa sababu kipaji chake kilitumika kurudia darasa. Hilo halikukatwa na mtu wa nje. Liliandikwa mezani, likasomwa kwa sauti, likakubaliwa, likashonewa nguo.