Ushirika ni nini? Tuanzie dukani Rochdale

Ushirika ni biashara inayomilikiwa na wale wale wanaoitumia: mnunuzi ndiye mwenye duka, mkulima ndiye mwenye ghala. Wengi huuchanganya na kampuni kwa kuwa kote kuna hisa na gawio. Tofauti yake iko kwenye namna ya kugawana, na hiyo ilipatikana kwa shida kaskazini mwa Uingereza.

Rochdale ulikuwa mji wa wafumaji wa vitambaa vya sufu. Viwanda vilikuwa vimewashushia ujira, na madai yao ya nyongeza yakagonga mwamba. Lakini hata kidogo walichopata hakikuwa salama. Mfumaji alikula kwa kuandikwa kwenye daftari la muuza duka, na mwenye deni hana pa kuhamia. Akipewa unga uliochanganywa na shabu, au akipimiwa kwa mizani ya kupunja, ananyamaza.

Wazo la kujitoa humo kwa pamoja halikuwa geni. Robert Owen, mwenye viwanda vya pamba vya New Lanark huko Scotland, alikuwa amelihubiri kwa miaka mingi, na maduka ya ushirika yalifunguliwa miji mingi. Mengi yakafa. Rochdale penyewe lilifunguliwa moja mwaka 1833, likauza kwa mkopo, na baada ya miaka miwili likafungwa.

Kwa hiyo wale wanachama 28 waliofungua duka mtaa wa Toad Lane tarehe 21 Desemba 1844 walijua kilichoua duka la kwanza. Walichanga senti kwa senti kila wiki hadi zikafika pauni 28. Siku ya kwanza rafuni mlikuwa na siagi, sukari, unga, oti na mishumaa, basi. Wakakubaliana: taslimu tu, bidhaa safi, kipimo kamili.

Kisha likaja jambo ninaloliona kuwa ndilo moyo wa ushirika wote. Hisa zililipwa riba yenye kikomo, na ziada iliyobaki ikarudishwa kwa wanachama kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Mwenye watoto sita, anayenunua unga mara mbili ya jirani yake, alipata gawio mara mbili hata kama hisa zao zililingana. Kura nayo ilikuwa moja kwa kila mtu, uwe na hisa moja au ishirini. Wanawake walikubaliwa kuwa wanachama wakati sheria ya nchi bado ilihesabu mali ya mke kuwa ya mumewe.

Kwenye ushirika wa mazao, kama ule wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, ulioanzishwa 1933 chini ya sheria ya ushirika ya Waingereza, hesabu hiyo hugeuzwa upande wa muuzaji. Ziada ikipatikana msimu ukiisha, mkulima hulipwa malipo ya pili kwa kilo alizopeleka.