Kikomo cha mishahara katika NFL: hesabu za miezi isiyo na mechi

Machi 2024 Denver Broncos, timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, walimtema Russell Wilson, kwotabeki wao (mchezaji anayeongoza mashambulizi ya timu), mtu waliyempa mkataba mpya miezi 18 tu kabla ya hapo. Mkataba huo wa miaka mitano, wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 240, ndiyo kwanza ulikuwa unatakiwa kuanza kutumika msimu ule. Wilson akahamia Pittsburgh Steelers kwa mshahara wa kima cha chini, dola milioni 1.21, huku Denver wakiendelea kumlipa sehemu kubwa ya dola milioni 39 walizokuwa wamemhakikishia. Na kwenye vitabu vya ligi, kuondoka kwake kukawaachia Broncos mzigo wa dola milioni 85, mkubwa kuliko wowote uliokuwa umewahi kutokea kwa mchezaji mmoja hadi wakati huo.

Mtu aliyezoea soka la kwetu atauliza: kama ameondoka, mzigo wa nini tena? Jibu la swali hilo ndilo kikomo cha mishahara chenyewe, yaani kiasi cha juu ambacho timu inaruhusiwa kuwahesabia wachezaji wake kwa mwaka, na ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofanyika katika futiboli ya Kimarekani kati ya Februari na Septemba, wakati hakuna mechi za ushindani.

Tuanze na namba inakotoka. NFL ina timu 32, na sehemu kubwa ya mapato yake, hasa fedha za televisheni, huingia kwenye mfuko wa pamoja. Kwa mujibu wa makubaliano ya mwaka 2020 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji, NFLPA, ambayo yanadumu hadi msimu wa 2030, wachezaji wanapata angalau asilimia 48 ya mapato ya ligi. Fungu hilo, likishatolewa marupurupu kama pensheni na bima, linagawanywa kwa 32. Kinachopatikana ndicho kikomo cha kila timu kwa mwaka huo. Mwaka 1994, mfumo ulipoanza, kilikuwa dola milioni 34.6. Mwaka 2025 kilifika dola milioni 279.2. Katikati hapo kuna mwaka mmoja kiliposhuka kwa kishindo: 2021, baada ya viwanja kukaa bila mashabiki kwa sababu ya korona, kilitoka milioni 198.2 hadi milioni 182.5.

Namba hiyo ni moja kwa wote. Dallas Cowboys wa bilionea Jerry Jones wana kikomo kilekile cha Green Bay Packers, timu ya mji mdogo wa Wisconsin inayomilikiwa na wanahisa wa kawaida. Hapa ndipo inapotofautiana na kile kilichomtoa Lionel Messi Barcelona Agosti 2021. La Liga nayo ina ukomo wa gharama za kikosi, lakini kila klabu inapewa wake kulingana na mapato na madeni yake, na ndiyo maana Barcelona ilikwama huku Real Madrid ikipumua. NFL haina jambo hilo. Wala haina utaratibu wa mpira wa kikapu wa NBA, ambako tajiri anaweza kuvuka mstari kisha akalipa kodi ya kuvuka. Kila mkataba hupelekwa ofisi ya ligi kuidhinishwa, na mkataba unaoipeleka timu juu ya kikomo unakataliwa.

Sasa tufike kwenye kiini. Kikomo hakipimi fedha inayotoka benki mwaka huo. Kinapima fedha *inayohesabiwa* mwaka huo, na vitu hivyo viwili vinaweza kuachana sana. Mshahara wa kawaida huhesabiwa mwaka unapolipwa, hilo halina utata. Bonasi ya kusaini mkataba ni habari nyingine: mchezaji anapewa yote mapema, lakini kwenye vitabu inagawanywa sawasawa katika miaka ya mkataba, isiyozidi mitano.

Chukua mchezaji anayesaini miaka mitano, bonasi ya dola milioni 50, na mshahara wa milioni 2 mwaka wa kwanza. Mwaka huo anaingiza mfukoni milioni 52. Kikomo kinaona milioni 12 tu: mshahara 2, na 10 ambayo ni moja ya tano ya bonasi. Zile milioni 40 nyingine hazijasamehewa. Zimesogezwa, 10 kila mwaka, na zitahesabiwa kwa vyovyote vile, mchezaji awepo, asiwepo, awe mgonjwa au amestaafu.

Tufuate mkataba huohuo hadi mwaka wa tatu. Mshahara umepanda hadi milioni 26, hivyo hesabu yake ni 36 pamoja na kipande cha bonasi. Timu imebanwa. Meneja mkuu anampigia wakala simu na kusema: katika hizo 26, tubakize 2 ziwe mshahara, 24 tuzigeuze bonasi. Mchezaji hapotezi hata senti, tena analipwa haraka zaidi, kwa hiyo mara nyingi mkataba wenyewe huwa tayari umeipa timu ruhusa ya kufanya hivyo bila kumwomba. Zile 24 zinagawanywa kwa miaka mitatu iliyobaki, 8 kila mwaka. Hesabu ya mwaka inashuka kutoka 36 hadi 20. Timu imepata nafasi ya milioni 16 kwa siku moja, na mwaka wa nne na wa tano kila mmoja umeongezewa 8.

Kuna timu ambazo hata hapo hazitosheki. Zinaongeza mwishoni mwa mkataba miaka miwili ambayo kila mtu anajua mchezaji hatacheza. Hii ni miaka hewa, na kazi yake ni moja tu: kuifanya bonasi igawanyike kwa namba kubwa zaidi. Zile 24 zikigawanywa kwa miaka mitano badala ya mitatu, kipande kinakuwa 4.8. Lakini mkataba halisi ukiisha, vipande vya miaka hewa vinaanguka vyote kwa pamoja, milioni 9.6 kwa mtu ambaye huenda tayari anacheza mji mwingine.

Fedha ya namna hiyo, inayohesabiwa kwa mchezaji asiyekuwepo, ndiyo fedha mfu. Turudi kwa mchezaji wetu bila miaka hewa, tuseme timu inataka kumtema kabla ya mwaka wa nne, ambapo mshahara wake ungekuwa milioni 28. Vipande vyote vya bonasi vilivyobaki vinarukia mwaka huo mara moja: 20 za bonasi ya kwanza na 16 za ile ya pili, jumla 36. Angebaki, angehesabiwa 46. Yaani timu inampoteza mchezaji na inachopata ni nafasi ya milioni 10. Ndiyo maana ukisikia shabiki anauliza kwa nini fulani aliyechuja bado yupo kikosini, mara nyingi jibu liko kwenye vipande vya bonasi.

Mlango wa kutokea upo, nao unaitwa Juni 1. Mchezaji akitemwa baada ya tarehe hiyo, mwaka huo unabeba kipande chake tu na vilivyobaki vinahamia mwaka unaofuata. Kwa mfano wetu, 18 mwaka huu na 18 mwakani, na nafasi inayopatikana sasa ni 28 badala ya 10. Ligi inaruhusu kila timu kuwatema wachezaji wawili mwezi Machi na kuwahesabu kana kwamba wametemwa baada ya Juni 1. Sharti lake ni kwamba hesabu kamili ya mchezaji inaendelea kukaa vitabuni hadi Juni, hivyo nafasi inayopatikana haiwezi kutumika Machi, wakati wachezaji bora wako sokoni.

Hivyo ndivyo Broncos walivyofanya kwa Wilson. Mwaka 2024 walibeba zile milioni 39 alizohakikishiwa pamoja na vipande vya bonasi vya milioni 14, jumla 53. Vilivyobaki, milioni 32, vikaingia 2025. Wengi tuliona msimu umekwisha kabla haujaanza. Badala yake walimpa nafasi chipukizi Bo Nix, wakashinda mechi 10 kati ya 17 na kuingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 2015. Kwa maoni yangu hilo ni funzo kubwa kuliko mzigo wenyewe, na sababu yake ni mshahara wa Nix, jambo nitakalolifikia.

Kwanza saa. Mwaka wa ligi huanza katikati ya Machi, saa 10 jioni kwa New York, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa 5 usiku. Kwa 2025 ilikuwa Machi 12. Dakika hiyo kila timu lazima iwe chini ya kikomo, na ndiyo sababu wiki zinazotangulia huwa na vurugu ya kutema na kurekebisha mikataba. Kwa miezi hiyo ya mapumziko kuna nafuu moja: kikosi kinaweza kufika watu 90, lakini wanaohesabiwa kikamilifu ni 51 wenye hesabu kubwa zaidi. Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts Julai 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huu, aliingia katika mwaka ambao kima cha chini cha mchezaji wa mwaka wa kwanza katika ligi kilikuwa dola 405,000. Mtu wa daraja hilo yuko nje ya 51. Timu inaweza kumjaribu kambini bila kukigusa kikomo, na nafasi nyingi za watu wasiojulikana zinatokana na kanuni hiyo. Msimu ukianza Septemba nafuu inakwisha: wote 53 wa kikosi wanahesabiwa, na majeruhi pia.

Kuna wanaosema kikomo ni kiini macho kwa kuwa kila timu hupata njia. Ushahidi wao ni New Orleans Saints chini ya meneja mkuu Mickey Loomis. Mapema 2021 walikuwa wamezidi kikomo kwa karibu dola milioni 100, na Machi wakawa ndani. Kwotabeki wao Drew Brees, akijua anastaafu, alikubali mshahara wake ushushwe kutoka milioni 25 hadi milioni 1.075, na jina lake likabaki vitabuni hadi Juni ipite ili fedha mfu igawanyike. Mikataba ya wengine ilirekebishwa mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ya ustadi, sibishi. Lakini angalia kilichofuata: kuanzia 2021 hadi 2024 Saints hawakuingia mtoano hata mara moja, na kila Februari walianza tena wakiwa shimoni, wakirekebisha mikataba ya watu ambao umri ulikuwa tayari umewapita. Kusogeza deni kunalipa pale tu ambapo mchezaji uliyemkopea atakuwa bado bora deni likiiva. Kansas City Chiefs wanaweza kuugeuza mshahara wa kwotabeki wao, Patrick Mahomes, kuwa bonasi bila woga, kwa kuwa mkataba wake wa 2020 ni wa miaka 10 na hakuna anayefikiria kumtema. Kwa mlinzi wa miaka 32 hesabu ni tofauti kabisa.

Na kinachofanya deni livumilike ni ukuaji wa kikomo. Kutoka 2021 hadi 2025 kiliongezeka kwa karibu milioni 97. Milioni 8 iliyosogezwa mbele inakuwa sehemu ndogo ya bajeti kuliko ilivyokuwa.

Faida kubwa kuliko mbinu zote hizi, hata hivyo, ni kwotabeki kijana wa mshahara mdogo, kama Bo Nix. Tangu 2011 mishahara ya wanaoingia kupitia drafti, utaratibu wa timu kuchagua chipukizi kwa zamu, imepangwa kwa viwango, miaka minne ya kwanza. Brock Purdy alichaguliwa na San Francisco 49ers mwaka 2022 akiwa mtu wa 262, wa mwisho kabisa. Mwaka 2023 mshahara wake ulikuwa dola 870,000, na akaifikisha timu fainali ya Super Bowl Februari 2024. Fedha ambayo timu nyingine zilikuwa zinampa kwotabeki, 49ers walinunua nayo kikosi kizima kilichomzunguka. Mei 2025 akasaini miaka mitano kwa dola milioni 265. Miezi michache kabla ya hapo, timu ikijua bei hiyo inakuja, wachezaji wake Dre Greenlaw na Talanoa Hufanga walikuwa wameondoka kwenda Denver, na Deebo Samuel ameuzwa Washington kwa chaguo la raundi ya tano ya drafti tu, akiacha zaidi ya milioni 30 za fedha mfu.

Wanaoumia zaidi katika yote haya ni wachezaji wa kati, wenye miaka sita au saba kazini, wazuri bila kuwa nyota. Nyota ana bonasi kubwa inayofanya kumtema kuwe ghali. Kijana ana mshahara mdogo. Wa kati ana mshahara wa milioni 7 usio na uhakikisho na karibu hana bonasi iliyobaki, hivyo kumwacha kunaleta nafasi yote ya milioni 7 bila fedha mfu. Anaweza kuwa alicheza kila mechi na bado akaitwa ofisini Machi, akapewa mambo mawili achague: kupunguza mshahara au kuondoka.